Kidonda "kidogo" cha mzee kimegusa mfupa. Nani alikosea kukisoma?

#1 MtongweKwetu (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum wadau, na habari za jioni kwa wote. Nina jambo linanikera tangu Alhamisi. Wenye kazi ya hospitali mnifafanulie kabla sijamvunjia mtu heshima bure.

Mzee wangu ana miaka 61, na sukari anayo mwaka wa 12 huu. Miezi miwili nyuma aliota sugu chini ya unyayo wa kulia, pale kidole gumba kinapoanzia. Sugu ikapasuka, kikatoka kidonda saizi ya shilingi kumi. Hakikumuuma hata siku moja. Mzee ni mtu wa msikiti na baraza, akawa anakwenda zake na slipa kama kawaida. Tulijua kuna kitu pale mama alipoona madoa kwenye mkeka.

Tukampeleka kituo kimoja huku kwetu ng'ambo ya feri, jina sitaji. Wiki 5, tumekwenda mara 3, na kila mara tumekuta mtu mwingine zamu. Nimekishika kitabu chake hapa. Ya kwanza: "kidonda kidogo mguuni". Ya pili: "kinaendelea vizuri". Ya tatu: "kidonda cha wastani, kisafi". Kinaoshwa, kinafungwa, twaambiwa rudini.

Alhamisi tukavuka, tukaenda kliniki nyingine mjini. Tukapokewa na muuguzi, mama mtu mzima. Alivaa glovu, akavuta kigoda akakaa chini kabisa, mguu wa mzee ukawa usawa wa macho yake. Akafungua pakiti, akatoa kijiti cha chuma chembamba, akakiingiza kidondani polepole. Mimi nimesimama pale pale. Kijiti kikaingia, kikazidi kuingia, kisha kikasita. Akakigonga kidogo. Sijui nilisikia au nilihisi tu, lakini ilikuwa *tk*, kama ukucha kwenye kikombe cha udongo. Mzee alikuwa akisimulia bei ya samaki, hata hakukatiza.

Mama akasema, "Hapa nimefika mfupani."

Eksirei imepigwa, daktari ameona mfupa umeanza kuliwa. Anasema antibayotiki wiki 6, na huenda kidole kikatolewa. Halafu yule mama alikata ile sugu pembeni na kisu, na kidonda kilipotoka pale kilikuwa kikubwa kuliko tulivyokipeleka!

Swali langu: kidonda kimoja kinakuwaje "kisafi" Jumatatu na cha kukata kidole Alhamisi? Nani muongo hapa?

#2 MakangaWaBamburi

Pole sana kaka, Mungu amponye mzee. Ila mimi nasema wazi, hapo ni biashara. Kidonda hakiumi, hakinuki, usaha hakuna, halafu akatwe kidole? Na mtu amekichimba na chuma, amekikata na kisu, sasa ndio kikubwa. Si amekiharibu yeye? Rudini kule kwa kwanza.

#3 SistaWaZamu

MtongweKwetu, pole na mzee. Mimi ni muuguzi, mwaka wa 19 huu naosha vidonda hapa Mombasa. Nakuomba usirudi kule kwa kwanza kabla ya kusoma haya. Makanga, na wewe soma, maana ulichokiandika nakisikia kila wiki kwenye benchi la wagonjwa.

Kwanza hilo la kutouma. Mtu wa sukari kidonda kisipomuuma chini ya mguu, hiyo si nafuu, hiyo ndiyo sababu ya kidonda. Mishipa ya fahamu ya miguu imekufa ganzi. Mimi na wewe tukikanyaga kijiwe ndani ya kiatu tunasimama kukitoa. Yeye anatembea nacho hadi Ijumaa. Ngozi inagandamizwa pale pale, inajenga sugu, sugu nayo inakuwa kama kijiwe kingine, chini yake nyama inapondeka na kuchuruzika damu. Kidonda kinaanzia ndani kikija nje. Unapoona tundu juu, huko chini kuna chumba.

Ndio maana yule mama alikata sugu. Hakukikuza kidonda. Alibomoa paa ili aone chumba. Mulichokuwa mukikiona wiki 5 zote ni mlango. Ukubwa wa kweli mumeuona Alhamisi, na hesabu inaanzia hapo.

Pili kijiti. Hicho si kuchimba. Ni kipimo: chuma kisafi, butu, kinaingizwa kwa upole. Kikikutana na kitu kigumu chenye kukwaruza kwenye kidonda cha mguu wa sukari, shaka ya mfupa kuingia maradhi inakuwa kubwa mno. Na eksirei peke yake isingetosha mwanzoni. Mfupa unaweza kuwa umeanza kuharibika na picha ikatoka safi wiki 2 au 3 za kwanza. Picha ya mzee imeonyesha, maana yake si jambo la Alhamisi.

Sasa nani muongo? Kwa ulichonukuu, sioni muongo. Nasoma watu watatu waliotazama bila kupima. "Kidogo", "vizuri", "wastani", hayo ni maneno ya kusifia mchuzi. Nesi wa pili atajuaje kama "kidogo" cha nesi wa kwanza kimepungua? Hana cha kulinganisha. Ungekuta imeandikwa urefu sentimita kadhaa, upana kadhaa, kina kadhaa, sakafu ya kidonda ni rangi gani, pembeni pakoje, basi mara ya pili tu mtu angeshtuka kwamba hakijasogea.

Na hiyo saizi ya shilingi kumi niachie. Kuna sarafu mpya na za zamani, kuna mkono mkubwa na mdogo. Shilingi kila mwaka inashuka, sentimita haijawahi.

#4 MtongweKwetu

Sista, Mungu akuzidishie. Nimesoma mara mbili, nikamsomea na mama. Hilo la mlango na chumba limemliza.

Yule mama aliandika kweli kwenye kadi, sasa naelewa. Nakopi: "Baada ya kukata sugu: 2.6 × 2.1, kina 1.1, mfupa unaguswa. Saa 2 hadi saa 4, upenyo 0.8." Hiyo ya mwisho sijaielewa. Saa 2 asubuhi? Sisi tulifika saa 5.

#5 SistaWaZamu

Hahaha, hapana mwanangu. Kidonda tunakifanya uso wa saa ya ukutani. Upande wa kichwa cha mgonjwa ndio saa 12, upande wa miguuni saa 6. Hiyo ni saa ya ukutani kweli, si ya kuhesabu Kiswahili, hata mimi mwanzo ilinichanganya. Kwa kidonda cha unyayo wengine huifanya kwa vidole na kisigino, mradi ukishachagua uandike na usibadilishe. Maana yake kati ya alama ya 2 na ya 4, ukingo wa ngozi umeachana na nyama, na kijiti kinapita chini ya ngozi milimita 8. Kwa juu huoni kitu, ngozi imefunika.

Huyo mama anajua kazi. Mshikilieni.

#6 TabibuMsafiri

Nimeona huu uzi umetumwa kwenye grupu, nikasema nipite. Mimi ni tabibu, nimezunguka Kwale, Kilifi na hapa Mombasa.

Sista amesema kweli yote, ila kuna jambo bado halijaguswa na kwangu mimi ndilo la kwanza: damu inafika? Kidonda kinaweza kuwa na kina cha kutisha na kikapona, kama mishipa inapeleka damu. Na kinaweza kuwa mkwaruzo tu kikaondoka na mguu, kwa sababu damu haishuki. MtongweKwetu, kuna mtu alimshika mzee mapigo mguuni? Ni sehemu mbili: juu ya wayo, na nyuma ya ile fundo la ndani ya kifundo cha mguu. Ikiwa hayasikiki vizuri, kinafuata kipimo cha presha ya kifundoni kugawanya na presha ya mkononi. Mfano kifundo kimetoa 98 na mkono 140, ukigawanya ni 0.7. Chini ya 0.9 mishipa imeanza kuziba. Ukishuka hadi 0.4 huko, hiyo ni dharura ya mishipa, usikae kubadilisha bandeji.

Kwa watu wa sukari kipimo hiki kina hila. Mishipa yao inaweza kukakamaa kama bomba, ikakataa kubanwa, namba ikatoka 1.4 ukadhani ni mzima wa afya. Namba ikiwa nzuri kupita kiasi, mimi huitilia shaka.

La pili ni maambukizi. Hapa watu hutafuta usaha na harufu tu. Tazama ngozi ya pembeni: joto, uvimbe, wekundu, maumivu, majimaji. Wekundu ukiwa ndani ya sentimita 2 kutoka ukingoni na maradhi hayajapita ngozi na mafuta ya chini yake, ni maambukizi madogo. Ukipita sentimita 2, au kukiwa na jipu au mfupa, umepanda daraja. Mwili ukianza kulalamika, yaani homa kupita 38 au baridi chini ya 36, moyo kupita 90 kwa dakika, pumzi kupita 20, chembe nyeupe za damu kupanda au kushuka sana, dalili mbili tu kati ya hizo zikikutana na kidonda chenye maambukizi, huyo ni wa kulazwa. Leo, si kesho. Tena mzee wa sukari anaweza asipate homa kabisa. Wakati mwingine dalili yake ni sukari tu: jana 9, leo 19, na chakula ni kile kile.

Kuna vipimo vya kupanga daraja. Cha zamani ni cha Wagner, kutoka 0 hadi 5: 0 ngozi bado haijafunguka, 1 juu juu, 2 imefika kwenye kano au mfupa, 3 kuna jipu au mfupa umeoza, 4 sehemu ya mbele ya wayo imekufa, 5 wayo mzima. Mzee wako kwa hesabu hiyo ni 3. Mwaka 2014 madaktari wa mishipa wa Marekani walileta kingine kinachopima vitu vitatu kila kimoja kivyake, kidonda, damu na maambukizi, kila kimoja 0 hadi 3. Mimi hicho ndicho nakipenda, kwa sababu Wagner anaweza kukupa 2 kwa mguu wenye damu na 2 kwa mguu usio na damu, na hao si wagonjwa sawa hata kidogo.

#7 SistaWaZamu

Tabibu, nakubali kuhusu damu. Ila hizo daraja mimi huwa nina ugomvi nazo. Nimepokea barua ya rufaa imeandikwa "Wagner 1" kwa kidonda ambacho hakuna mtu aliyetia kijiti. Namba imepandishwa juu ya kukisia. Ukishaandika namba watu wanaiheshimu, hakuna anayerudi nyuma kuuliza. Bora uniandikie "sikuweza kuona sakafu" nitajua pa kuanzia.

#8 TabibuMsafiri

Hapo umenifunga mdomo, Sista. Ni kweli.

#9 MakangaWaBamburi

Sawa, mimi nimekaa kimya nasoma. Naomba radhi kwa lile la biashara. Lakini swali la uaminifu: mtu wa kawaida kama mimi, sina kijiti, sina mashine. Kidonda nitakijuaje ni cha nyumbani au cha hospitali? Jana tu abiria kajikwaruza kwenye bodi ya gari, damu kibao, kelele kibao.

#10 SistaWaZamu

Umeuliza vizuri, na huna haja ya kuomba radhi.

Damu nyingi na kelele si kipimo. Kichwa kikipasuka kidogo kinamwaga damu kama kuku aliyechinjwa, na unakuta mkato wa sentimita 2. Kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Ikiendelea kububujika, au inaruka kwa mapigo, hiyo ni safari. Huyo abiria wako, bodi ina kutu na uchafu wa barabara, mwulize chanjo ya pepopunda alipata lini. Mwambie pia akunje na kukunjua vidole vyote. Kidole kisichokunjika, au ncha yenye ganzi, ina maana kano au mshipa wa fahamu umekatika, hata kama jeraha ni dogo kama chale.

Cha nyumbani kwangu ni kile ambacho ukishakiosha kwa maji mengi unaona mwisho wake. Ukiona sakafu, na sakafu ni ngozi au nyama nyekundu, na mwenyewe ni mtu mwenye damu nzuri, hana sukari, basi funga na uangalie. Usipouona mwisho, mpeleke.

#11 MvuviMstaafu

Sista amesema kutouona mwisho, nikakumbuka mwiba wa samaki taa.

Vijana wa siku hizi mwaujua? Unaingia maji ya magoti, unamkanyaga taa kwenye mchanga, anakurusha mkia. Tundu lenyewe dogo kama la msumari. Ukilitazama wasema nikilowesha chumvi yatosha. Nlikuwa na mwenzangu Likoni, tundu lile lilifunga juu baada ya siku nne, tukafurahi. Siku ya kumi mguu umekuwa kama gogo. Alipopasuliwa, ndani mna kipande cha ule mwiba, una meno kama msumeno. Meno yale yaingia, kutoka hayataki.

Sisi dawa yetu ilikuwa maji ya moto. Mguu ndani ya ndoo, maji ya moto uwezayo kuvumilia, maumivu yapoa. Wazee walikuwa na akili.

#12 TabibuMsafiri

Mzee wangu shikamoo, na walikuwa na akili kweli. Sumu ya taa haipendi joto. Hata hospitali huloweka kwenye maji ya moto dakika 30 hadi 90, moto wa kuvumilika bila kuunguza, na maji yanajaribiwa kwanza na upande mzima. Halafu ndio tunatafuta kipande kilichobaki. Mwiba ukiingia tumboni au kifuani, ndoo achana nayo, ni mbio hospitali.

Ila MtongweKwetu, nakuomba sana: mzee wako asitie mguu kwenye maji ya moto hata iweje. Hahisi. Nimeona mguu umetokota na mwenyewe anasoma gazeti.

#13 MvuviMstaafu

Marahaba mwanangu. Nimefahamu.

#14 MtongweKwetu

Tabibu umenitisha, maana Ijumaa mzee hutembea peku kutoka pale wanapotawadha hadi ndani, na ile sakafu ya nje saa saba mchana unaweza kukaangia yai. Sikuwahi kulifikiria.

#15 MamaViaziKarai

Jamani na mimi. Nauza viazi karai na bajia jioni, njia ya Kongowea. Wiki jana mafuta yamenirukia, mkono wa kushoto kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko, upande mmoja. Jirani akanipaka dawa ya meno, mwengine akaleta yai. Mengi yamevimba malengelenge na yanauma mpaka nalia. Lakini pana sehemu moja, kama kidole gumba hivi, nyeupe, kavu, haiumi kabisa. Nikashukuru angalau hiyo imepona. Baada ya kusoma huu uzi nimeingiwa na wasiwasi.

#16 SistaWaZamu

Mama, wasiwasi wako uko mahali pake. Hiyo nyeupe isiyouma ndiyo mbaya kuliko zote kwenye mkono wako. Mafuta yameunguza ngozi nzima mpaka chini, pamoja na mishipa ya kuhisia maumivu. Ile yenye malengelenge na kilio imeungua sehemu tu ya unene wa ngozi, na nyingi ya namna hiyo hujifunika yenyewe kwa wiki 2 au 3. Nenda kesho asubuhi, usiende jioni baada ya kuuza.

Kwa ukubwa, kiganja chako wewe mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wako. Pima viganja vingapi. Mkono mzima kuzunguka ni asilimia 9, kwa hiyo wewe huenda ni 1 au 2. Kwa ukubwa si wa kutisha. Lakini kina cha ile nyeupe, na ukaribu na kifundo ambapo kovu likikaza mkono haukunjiki, hivyo ndivyo vinavyokupeleka hospitali. Uso, viganja, nyayo, viungo, sehemu za siri, au moto uliozunguka mkono au mguu kama bangili, hatuhesabu asilimia, twaenda.

Na mtoto si mtu mzima mdogo. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama asilimia 18, cha mtu mzima 9. Uji ukimwagikia kichwani kwa mtoto hesabu inapanda haraka. Ikifika asilimia 10 kwa mtoto au 15 kwa mkubwa, anahitaji maji ya mshipani, na saa za kuhesabu zinaanza alipoungua, si alipofika hospitali. Mukija saa 4 baadaye, tumeshachelewa saa 4.

Hiyo dawa ya meno sasa. Siongei kwa ukali mama, kila nyumba inafanya. Lakini fikiria mimi nimekaa hapa, umeletwa, mkono mweupe wote. Nyeupe ya dawa ya meno ni ipi na nyeupe ya ngozi iliyokufa ni ipi? Inabidi nikusugue kwenye malengelenge ndio nione. Ile dawa ya zambarau hali kadhalika, kila kitu kinakuwa zambarau. Unga, yai, majivu, kahawa, vyote vinanifunika macho kabla havijafanya ubaya mwingine. Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, hata kama saa mbili zimepita tangu kuungua. Kisha kitambaa safi. Basi.

#17 MamaViaziKarai

Ahsante mwanangu. Kesho alfajiri naondoka, viazi vitangoja.

#18 BintiMajengo

Sista na mimi nisaidie kidogo. Bibi yangu alipata kiharusi, amelala miezi 4. Kwenye video za mtandaoni wanasema angalia ngozi ikigeuka nyekundu ndio kidonda cha kulalia kinaanza. Bibi ni mweusi wa sawasawa. Nyekundu sijaiona siku moja, lakini jana pale juu ya makalio pamechubuka.

#19 SistaWaZamu

Hilo ndilo linanitoa machozi. Picha nyingi za kufundishia ni za ngozi nyeupe, halafu tunatafuta wekundu kwa watu wetu. Kwa ngozi nyeusi usingoje rangi nyekundu. Huwa inakoza, inakuwa kama zambarau au kijivu, au haibadiliki kabisa. Tumia mgongo wa mkono wako: linganisha pale mfupani na ngozi ya jirani. Pana joto zaidi, au baridi zaidi? Pagumu kama papai bichi, au patepete? Akiguswa hapo anakunja uso? Hiyo ni daraja la 1 tayari, ngozi ikiwa haijafunguka.

Pakichubuka kama ulivyosema, ni la 2. Ukiona mafuta ya chini ya ngozi ni la 3. Nyama, kano au mfupa ni la 4. Kukiwa na gamba jeusi au utando wa njano umefunika chini yote, usikubali mtu akuandikie daraja, hajaona sakafu. Na gamba jeusi la kisigino, likiwa kavu, limeshika, pembeni hapana wekundu wala majimaji, mwambie mtu asilibandue kwa haraka, mara nyingi huachwa. Likilegea au likitoa maji, hapo hadithi nyingine.

Mgeuze kila baada ya saa 2 kwa sasa, visigino vining'inie juu ya mto visiguse godoro. Kesho umlete, au mwombe muuguzi wa jamii aje nyumbani. Na mtazame visigino leo usiku kwa tochi.

#20 BintiMajengo

Nimetazama. Kisigino cha kushoto ni cha moto na kiko laini. Cha kulia sawa. Ahsante Sista, sikuwa najua kabisa. Nimeshatia mto.

#21 MtongweKwetu

Wadau, nimerudi, wiki 4 zimepita. Samahani kwa kimya.

Mapigo ya mguu yalipimwa, Tabibu: yapo yote mawili, na kipimo kilitoa 1.0. Daktari akasema kwa vile damu ipo, na hana homa, tujaribu dawa kwanza bila kukata. Ule uzi wa nailoni unaopinda kwa gramu 10 walimgusa sehemu 10, akahisi 3 tu. Mguu wameutia plasta ya kuupunguzia uzito, hairuhusiwi kuvuliwa nyumbani, wanaibadilisha wao. Mzee anaiita jela.

Leo walipofungua: 1.9 × 1.3, kina 0.4. Sakafu yote nyekundu, ina chembechembe kama punje za komamanga. Kijiti hakigusi mfupa. Yule mama alipiga hesabu mbele yetu. Siku ile 2.6 mara 2.1 ni 5.46. Leo 1.9 mara 1.3 ni 2.47. Akasema kwa wiki 4 alikuwa anatafuta kipungue angalau nusu, na kimepita nusu. Kisingefika angeanza upya kuuliza kila kitu: damu, mfupa, viatu, sukari. Dawa bado wiki 2 na zaidi kidogo, na eksirei itarudiwa.

Nilirudi kile kituo cha kwanza pia. Sikugombana. Nilimpa dada aliyekuwa zamu kopi ya ile kadi. Akaisoma, akaniuliza saa 2 hadi saa 4 ni nini. Nikamwambia.

#22 TabibuMsafiri

Alhamdulillahi. 1.0 na mapigo mawili ni habari nzuri kuliko hata hiyo nusu.

#23 MakangaWaBamburi

Kidole bado kipo?

#24 MtongweKwetu

Kipo. Ila mzee ameshaanza. Anasema kidonda kimekuwa "kidogo", Ijumaa hii anataka aende mwenyewe msikitini na mkongojo.

#25 SistaWaZamu

Mwambie neno "kidogo" tumelifuta hapa nyumbani. Kidonda chake ni 1.9 kwa 1.3, kina 0.4. Msikiti hauhami. Aswali kwenye kiti, na plasta yake, mpaka yule mama aseme.

#26 MtongweKwetu

Nimemsomea. Amesema huyo Sista ana mume kweli?